Umeporwa au kutekwa ugenini, umerudi Dar salama, lakini hofu haijakuacha. Tuzungumze hapa

Msafiri wa Tabata

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Humu ndani nyuzi za kwenda Sauzi kwa barabara zimejaa. Nauli, mipaka, wapi pa kulala kwa bei nafuu, yote yapo. Lakini kila anapotokea mtu akasema alikabwa huko, majibu huwa mawili tu. La kwanza, "shukuru Mungu uko hai". La pili, "ulifuata nini huko?" Baada ya hapo mada inakufa. Sijawahi kuona tukiongelea kinachofuata. Umesharudi nyumbani, pasipoti mpya unayo, simu nyingine umenunua, ila pikipiki ikipita nyuma yako jioni magoti yanaisha nguvu. Nimeyapitia, nimepata msaada, na naamini kabisa humu wapo wengi wanaoumia kimyakimya. Hao ndio ninaowaandikia.

Tukio lenyewe kwa kifupi. Nilisafiri peke yangu na begi la mgongoni. Treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, basi hadi Lusaka, nikashuka Livingstone kuona maporomoko, nikavuka kwenda Bulawayo, mwisho Johannesburg. Safari ilikuwa nzuri sana na sikubali jioni moja iichafue yote. Johannesburg, mtaa usio mbali na stendi kuu, jua halijazama, mtu alinipiga kabali kwa nyuma. Mwenzake akaja mbele na kisu, akakata mikanda ya begi. Wa tatu alikuwa anapapasa mifuko. Hakuna aliyepiga kelele, si wao, si mimi. Watu walikuwa wanapita ng'ambo ya barabara kama kawaida. Nilianza kutamka shahada moyoni kwa sababu nilijua ndiyo mwisho. Kisha wakaniachia, nikakaa chini kwenye lami.

Aliyenisaidia ni kaka mmoja wa Tanga mwenye saluni ya kunyoa maeneo yale. Alinisikia naita "mama", akajua ni wa kwetu. Hakuniuliza maswali. Alinikalisha kwenye kiti cha mteja, akafunga mlango, akaniletea chai yenye sukari nyingi, akasema, "Hapa hawaingii. Ukitaka kuongea ongea, usipotaka kaa tu." Nimekuja kuelewa baadaye kwamba katika wote walionisaidia, yeye ndiye aliyefanya jambo kubwa kuliko wote.

Sasa nije kwenye hasa ninachotaka tukiongelee.

Nilipofika Dar nilidhani yameisha. Wiki za mwanzo nilikuwa nalala vibaya, nikasema ni uchovu. Halafu nikaanza kuona mambo. Ushungi nilishindwa kuufunga. Kitambaa kikigusa koo tu, mkono wa yule mtu unarudi, nauhisi kabisa, na pumzi inakata. Nikawa naurusha kichwani bila kuubana chini ya kidevu, watu wanadhani ni fasheni. Jambo la pili lilikuwa harufu. Shati la yule aliyenikaba lilinukia sabuni ya unga, ile ile ya kufulia ambayo kila nyumba inayo. Uani kwetu wapangaji wanafua kila Jumamosi. Jumamosi ikawa siku ya kuogopa, najifungia chumbani na madirisha nimefunga, joto lote lile la Tabata.

Kwenye daladala nikawa sikai siti ambayo kuna mtu nyuma. Kama siti ya mwisho imejaa, nashuka, nasubiri nyingine. Nikawa nachelewa kazini, mwisho nikaanza kuomba ruhusa. Marafiki wakiniita Kariakoo nasema naumwa. Dunia ikawa inapungua upana, kidogo kidogo, mpaka imebaki chumba na choo.

Mama alipokea habari kwa namna yake. Alilia, akachinja kuku, akafanya dua, akasema tusiyaongelee tena yasije yakarudi. Namuelewa. Shangazi akasema ningekuwa na mume yasingenikuta. Yeye simuelewi mpaka leo, ila simchukii. Kwenye familia nzima hakuna aliyeuliza, "Usiku unalala?"

Dada yangu mdogo ndiye aliyenishika mkono. Tulianzia hospitali ya Amana, wakaniandikia rufaa kwenda Muhimbili, idara ya afya ya akili. Nakiri, jina la idara lilinitisha. Nilihisi nikikaa kwenye yale mabenchi nitaonekana kichaa. Niliowakuta pale ni watu kama mimi. Kulikuwa na mama mfanyabiashara, na kijana mmoja na sare zake za kazi.

Msaikolojia aliniambia jambo ambalo lilinifungua. Alisema kila ninaposhuka kwenye daladala kwa hofu, mwili unapata nafuu papo hapo, na ile nafuu ndiyo inayoufundisha mwili kwamba daladala ni hatari kweli. Kwa hiyo kukimbia kunailisha hofu. Dawa yake ni kurudi, ila kwa ngazi, na kukaa pale mpaka hofu ishuke yenyewe. Tukaandika orodha, chini kabisa kinachonitisha kidogo, juu kabisa kinachonitisha zaidi.

Ngazi ya kwanza ilikuwa kushika ushungi mkononi, kisha kuuweka begani, kisha kuufunga nikiwa mbele ya kioo na dada yupo. Mara ya kwanza nilitetemeka, nikataka kuuvua. Dada akanishika vidole akasema, "Subiri, bado kidogo." Moyo ulienda mbio, ukaenda mbio, halafu kama vile umechoka, ukapungua. Sikuamini. Kesho yake tukarudia. Ikaja zamu ya uani Jumamosi, nimekaa kwenye kigoda karibu na beseni la mama mpangaji, naongea naye huku povu linanukia. Ikaja daladala mchana na dada, siti ya katikati. Ikaja Kariakoo asubuhi, kisha Msimbazi jioni watu wakiwa wamejaa. Ikaja mwenyewe bila dada. Kuna siku zilirudi nyuma, nikalia, tukashuka ngazi moja, tukapanda tena.

Kitu cha mwisho kwenye orodha kilikuwa kusafiri peke yangu. Nilipanda treni ya SGR mpaka Dodoma, nikalala, nikarudi. Begi lilikuwa mgongoni.

Naomba mchangie. Yaliyokukuta, yaliyokusaidia, na usiyoyajua uliza.

Bondeni kwa Madiba

Dada pole sana, na hongera kwa kuandika. Mimi nipo huku Johannesburg siku nyingi, nakazia upande wa makaratasi kwa anayesoma akiwa bado yuko kwenye hali hiyo.

Ukishakuwa sehemu salama, piga 10111, ndiyo namba ya polisi ya Afrika Kusini. Kwa simu ya mkononi 112 pia inafanya kazi. Fungua kesi kituo chochote na usiondoke bila namba ya kesi, wenyewe wanaiita CAS. Wengi wetu huwa tunaona hakuna maana kwa sababu mwizi hatapatikana, lakini ile namba ndiyo utakayoulizwa kila unapokwenda, kwa bima, benki na ubalozi. Ubalozi wetu uko Pretoria, kama kilomita 55 kutoka hapa. Pasipoti ikipotea wanatoa Hati ya Dharura ya Safari, ambayo kazi yake ni kukurudisha nyumbani, usipange kuendelea nayo kuzunguka nchi nyingine.

Pesa sasa. Huna kitambulisho, kwa hiyo hata nyumbani wakikutumia huwezi kuchukua kwa jina lako. Inabidi ipite kwa mtu unayemuamini. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wanaokuja, kabla hujapanda basi Dar, uwe na namba za Watanzania wawili huku, ziwe kichwani, maana daftari litaondoka na begi. Na picha ya pasipoti itume kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Laini ya Tanzania kuirudisha ukiwa nje ni shughuli, sababu usajili wetu ni wa alama za vidole. Mwambie ndugu apige kwa mtandao wako haraka akaunti ya pesa ifungwe.

Kisiki cha Mpingo

Pole dada, lakini tuambiane ukweli. Mwanamke peke yake, Johannesburg, kwa miguu. Na mbona hukupiga kelele? Umesema watu walikuwa wanapita.

Msafiri wa Tabata

Kaka Kisiki, nashukuru kwa kuuliza waziwazi, maana ndilo swali wengi wanalo moyoni. Jua lilikuwa halijazama na barabara ilikuwa na watu. Kaka wa saluni aliwahi kukabwa mtaa uleule, na yeye ni mwanaume mwenye kifua. Kuhusu kelele, sikuamua kunyamaza. Sauti haikuwepo. Nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Nimejilaumu kwa hilo usiku mwingi kuliko nilivyowalaumu waliokuwa na kisu, na nakuomba usimuulize mtu mwingine swali hilo akiwa bado mbichi.

Nesi wa Zamu

Naongezea hapo kitaalamu kidogo. Mimi ni muuguzi hapa Dar, kitengo cha dharura.

Mwili ukikutana na hatari ya kufa haukuombi ruhusa. Wapo wanaokimbia, wapo wanaopigana, na wapo wanaoganda, sauti inakata na viungo havisikii. Kuganda kunatokea kwa wanaume na wanawake, hata kwa askari. Aliyeganda hakukubali, na hakuwa mzembe. Ndugu zangu, hasa kwa waliobakwa, swali la "mbona hukupiga kelele" linafunga midomo kwa miaka.

Na kwa kuwa tumegusa hapo, niseme hili ingawa dada mleta mada halikumkuta. Aliyebakwa safarini asisubiri kurudi nyumbani. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa ya kuzuia mimba ina hadi siku tano, nayo kuwahi ni bora. Afrika Kusini kuna vituo vya Thuthuzela kwenye hospitali za serikali, huduma ya tiba na polisi mahali pamoja. Hapa kwetu kuna vituo vya Mkono kwa Mkono kwa mfumo huohuo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Jambo la pili ni vidonge. Nakutana nalo kila wiki. Mtu katishwa, halali, jirani anampeleka duka la dawa anapewa diazepamu, kidonge cha kutuliza na kulaza. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2013, lilisema wazi kwamba dawa za kundi hilo zisitolewe kutibu mshtuko au kukosa usingizi ndani ya mwezi wa kwanza baada ya tukio. Zinakulaza, lakini hazitibu, na kuziacha ni kazi. Pombe ni vilevile.

La tatu ni muda. Ndoto mbaya, kushtuka, kulia bila sababu, kwenye wiki za mwanzo ni kawaida na kwa wengi hupungua zenyewe, hasa mtu akiwa na watu wanaomsikiliza na akirudi kwenye ratiba yake ya kula, kulala na kazi. Ukipita mwezi bado tukio linajirudia kichwani kama linatokea sasa, unakwepa watu na mahali, unalipuka kwa hasira au huhisi kitu kabisa, nenda hospitali. Na kama unawaza kujidhuru usihesabu siku, nenda leo.

Hiyo tiba ya ngazi aliyoieleza dada ina ushahidi mzuri. Mwaka 1991 Edna Foa na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya wanawake waliobakwa, na njia ya kurudia kumbukumbu na mahali panapotisha, taratibu na kwa usimamizi, ikaonyesha matunda. Imeendelea kupimwa tangu hapo. Ila naomba mtu asijitupe mwenyewe kwenye ngazi ya juu kabisa siku ya kwanza, wala asirudi mahali ambapo ni hatari kweli. Ngazi zinapangwa kwa vitu salama ambavyo hofu imevigeuza kuwa hatari. Uchochoro wenye vibaka usiku haumo kwenye orodha.

Mapokezi Kisutu

Nimesoma uzi wote. Mimi nipo upande wa pili wa jambo hili. Ni mhudumu wa mapokezi kwenye gesti moja maeneo ya Kisutu, tunapokea sana wageni wa begi la mgongoni wanaosubiri boti ya Zanzibar au basi la Arusha. Naeleza yaliyomkuta mgeni wetu mmoja, ili tujue kwamba wanaokuja kwetu nao wanarudi kwao na hofu iliyopatikana mitaani kwetu.

Huyu dada alikutana na mtu mchangamfu, Kiingereza safi, akamwambia naye anaelekea huko huko, tuchukue teksi moja. Gari haikuwa teksi ya kweli. Mbele kidogo wakapanda wengine wawili. Wakamzungusha ATM moja hadi nyingine. Kiwango cha siku kilipoisha walikaa naye ndani ya gari mpaka saa sita usiku ipite, tarehe ibadilike, wakatoa tena. Wakamshusha Pugu, usiku wa manane, bila viatu. Dereva wa bajaji ndiye aliyemleta kwetu na hakudai hata senti.

Nilichofanya sikufundishwa popote. Nilimpa maji na kanga ya kujifunika. Nilimuuliza, "Unataka mlango uwe wazi au ufungwe?" Akafikiri muda mrefu sana, akasema wazi. Nikamuuliza nikae ndani au nje. Akasema nje, lakini anione. Nikaweka kiti koridoni, nikakaa mpaka asubuhi. Kila kitu nilimuuliza yeye, maana kwa saa zote zile alikuwa anaamuliwa na watu wengine. Asubuhi akampigia mama yake kwa simu yangu, waliongea saa nzima, nikaongeza salio.

Baadaye tukaenda polisi, akapata RB, yaani namba ya taarifa yake, na kwa kuwa alikuwa na michubuko tukachukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ndipo tukaenda hospitali. Askari wa kike alimhoji vizuri, taratibu. Ubalozi wao wakamalizia.

Nawaomba ndugu zangu wenye teksi za kweli na madereva wa bajaji. Mgeni akisimamishwa na mtu mchangamfu asiye na gari lake, semeni neno. Mara nyingi huwa mnaona. Na sisi wa mapokezi tuwaambie wageni, gari iitwe na gesti au kwa programu ya simu, na mtu mwingine akipanda njiani, shuka hapohapo.

Kinachoniuma ni kwamba alinishukuru sana, akasema Watanzania ni watu wazuri, na alipokuwa anaondoka nilimwona anatetemeka kuingia kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege. Niliingia naye.

Mzee wa Upanga

Wanangu, nimefurahi kuona mada hii. Sisi wazee tuna kosa la kusema "yameisha hayo". Tunasema kwa upendo, lakini tunamfungia mtoto mlango.

Nipo kwenye kamati ya msikiti. Anapokuja mtu tunamwombea, na nitaendelea kumwombea. Dua inampa moyo nguvu. Lakini aliyevunjika mguu tunamwombea na bado tunampeleka kwa mganga wa mifupa, na hakuna anayeona imani imepungua. Kwa nini aliyetishwa tumwambie asali tu? Shehe au mchungaji anayemzuia mtu kwenda hospitali anambebesha mzigo wa pili.

Kuna jambo nimelisoma la jirani zetu Zimbabwe. Daktari wa akili, Dixon Chibanda, aliona Harare madaktari wa fani yake ni wachache mno. Mwaka 2006 akaanza kuwafundisha kina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza watu, kwa utaratibu maalumu, wakimsaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia. Mwaka 2016 wakachapisha utafiti na matokeo yalikuwa mazuri kwa wenye sonona na wasiwasi. Kina bibi! Dar hii tuna mabaraza mangapi ya kahawa yenye wazee wanaojua kukaa na mtu?

Kasumbalesa Moja

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Mimi ni dereva wa lori, bandari Dar kwenda Kongo. Mwaka jana tulivamiwa usiku upande wa kule, tukiwa kwenye foleni ya magari. Walipanda na mapanga. Utingo wangu walimkata mkono, kapona lakini kaacha kazi. Mimi walinilaza chini ya siti na panga shingoni mpaka walipomaliza kunyonya mafuta.

Sijamwambia mke wangu. Alijua tumeibiwa mafuta tu. Bosi aliniuliza lita ngapi zimekwenda.

Bado naendesha, sina kazi nyingine. Nikifika Tunduma naanza kutapika. Usiku silali, nakaa macho na nondo mkononi, mchana nasinzia kwenye usukani. Juzi nilishtuka tairi la kushoto limeshatoka kwenye lami. Dada umesema ngazi, sasa mimi ngazi yangu ya kwanza ni ipi? Kazi yangu yote ni ngazi ya juu.

Msafiri wa Tabata

Kaka yangu, pole sana. Nimesoma mara mbili na mikono inatetemeka. Asante kwa kutuambia.

Sina utaalamu wa kukupangia ngazi. Ninachojua kwa kupitia ni kwamba ukimwambia mtu mmoja uzito unapungua, na wewe umeshatuambia. Sasa aambiwe mke wako. Hapana lazima umsimulie panga na damu. Mwambie tu, "Siku ile sikuibiwa mafuta peke yake, na usiku silali." Dada yangu aliniambia baadaye kwamba kilichomuumiza zaidi ni kutojua, alidhani nimemchoka.

Nesi wa Zamu

Kaka dereva, hili la kusinzia kwenye usukani ndilo la kwanza, kabla ya ngazi yoyote. Ukiwa hivyo unaweza kufa wewe na ukaua wengine. Umekaa tangu mwaka jana na dalili hizi, kwa hiyo usisubiri zipite zenyewe. Zinatibika, hata baada ya miaka. Lakini unahitaji kupumzishwa barabarani kwa muda, na hilo daktari anaweza kukuandikia, bosi akapewa karatasi badala ya maneno.

Kutapika Tunduma si ugonjwa wa tumbo. Mwili umeijua njia. Ukifika kwa mtaalamu mtaanza na vitu vya Dar, pengine kukaa ndani ya lori limezimwa, limepaki yadi, mchana, na mtu unayemwamini. Kongo itakuja mbali sana huko, au isije kabisa. Wapo waliobadilisha njia wakaendelea na maisha yao vizuri.

Kukesha na nondo mkononi hakuwezi kuwa badala ya usingizi. Ukipata kazi ya ndani ya jiji kwa kipindi hiki, hata kwa kipato kidogo, ichukue.

Kisiki cha Mpingo

Nimerudi kusoma. Dada mleta mada, nimekuelewa kwenye lile la kelele. Dereva, mimi nina yadi ya magari Kurasini, na kuna gari dogo la kusambaza mzigo halina dereva wa kudumu. Ni Dar tu, mchana tu. Njoo PM tuongee.

Bondeni kwa Madiba

Kaka Kisiki, Mungu akuzidishie.

Mwenzangu dereva, hata huku nimeona. Wanaume tunaongelea mzigo ulioibiwa, thamani yake na nani alipe, ila shingo yenye panga hatuitaji. Mimi mwenyewe nimenyamaza la kwangu. Nitaliandika siku nyingine.

Kasumbalesa Moja

Nimewasoma wote. Jana usiku nimemwambia mke wangu. Alinyamaza, akaniuliza kama ndiyo maana silalii upande wa mlango. Sikujua kama ameona.

Nipo Dar mpaka Jumanne, mzigo haujatoka bandarini. Naishi Mtoni kwa Azizi Ali. Niende wapi, na nikifika dirishani niseme nini? Sitaki kuanza kuelezea panga mbele ya foleni.

Nesi wa Zamu

Kwa Mtoni, hospitali ya karibu ni ya rufaa ya mkoa Temeke. Nenda asubuhi mapema, siku ya kazi. Dirishani sema tu, "Sina usingizi na nina msongo wa mawazo, naomba kuonana na daktari wa afya ya akili." Inatosha, hakuna atakayekuuliza zaidi pale. Mengine utayasema ndani mlango ukiwa umefungwa. Beba kitambulisho, kama una kadi ya bima beba, na usinywe chochote cha kutuliza kabla ya kuonwa. Wakiona unahitaji Muhimbili watakuandikia rufaa. Nenda na mke wako kama atakubali, na ukiitwa ingia naye.

Kasumbalesa Moja

Amekubali. Tunaenda Jumatatu. Kaka Kisiki, nimekutumia namba.